Mfundishe farasi adabu kabla hujampanda

Farasi anayemwangusha mtu mara nyingi alishatoa dalili akiwa bado anaongozwa kwa kamba. Alimsukuma anayemwongoza kwa bega, akamkanyaga mguu, akahangaika wakati wa kutandikwa, na watu wakacheka wakisema ndivyo alivyo. Mnyama wa kilo 400 hadi 600 si wa kufanyiwa mzaha huo. Anayekusogeza apendavyo ukiwa chini, atakupeleka apendako ukiwa mgongoni.

Tembea usawa wa bega lake, kamba ikiwa imekunjwa mkononi. Usiizungushe kwenye kiganja, maana akikurupuka atakuburuta. Farasi huona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya paji lake na nyuma ya mkia haoni. Ukimtokea huko kimya kimya atashtuka, naye akishtuka hukimbia au hurusha teke. Unapopita nyuma, sema naye, weka mkono juu ya tako lake, upite ukiwa umemgusa kabisa, au upite mbali kabisa. Hatua moja au mbili nyuma yake ndipo teke linapotua na nguvu zake zote.

Somo la kwanza liwe kurudi nyuma. Shika kamba chini ya kidevu, ielekeze kifuani kwake kwa nguvu kidogo tu, kisha subiri. Atanyanyua kichwa, pengine atakuegemea. Usivute kwa hasira, na usilegeze. Uzito wake ukihamia nyuma, hata kabla kwato haijainuka, legeza papo hapo. Huko kulegeza ndiko kunakomfundisha. Wengi wetu tunakosea hapa: tunalegeza akiwa bado anabisha, halafu tunalalamika kwamba farasi ni mbishi, kumbe ubishi tumemfundisha wenyewe. Ukichelewa sekunde chache napo hatajua ni kipi alichopatia.

Vipande vya karoti mkononi mimi sivipendi kwa farasi anayeanza. Atakupekua mifuko leo, kesho atakuuma. Tuzo mkune pale shingo inapokutana na mgongo, penye mizizi ya singa, zile nywele ndefu za shingoni.

Kusimama tuli wakati wa kupandwa kunataka uvumilivu kuliko yote. Kaza mkanda wa tumboni unaoshika tandiko, mtembeze kidogo, ukaze tena, kwa kuwa wengi hutunisha tumbo wakitandikwa. Weka mguu kwenye kikuku, kile cha kukanyagia kando ya tandiko, uning'inie kidogo, ushuke. Akiondoka, mrudishe palepale aliposimama, bila kelele, uanze upya. Akitulia, shuka umkune. Siku ya kwanza huenda usimpande kabisa, na hiyo si hasara. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Baada ya hapo akili yake imechoka, na yako pia.

Lakini kabla ya kumwita mkorofi, chunguza maumivu. Pitisha vidole kwa mkazo kando ya uti wa mgongo, mahali tandiko linapokaa. Akizama mgongo, akalaza masikio nyuma au kuchapa mkia, huenda tandiko linambana. Anayetupa kichwa kila lijamu, kile chuma cha kumwongozea, inapoingia mdomoni aangaliwe meno na mganga wa mifugo. Maumivu hayaponi kwa mazoezi.

Ukishampanda, ukiwa umevaa kofia ngumu na viatu vyenye kisigino, mfundishe kusimama kwa hatamu, yaani kamba ya lijamu unayoshika mkononi, ya upande mmoja. Akiwa anatembea polepole, vuta taratibu upande mmoja mpaka pua ielekee gotini kwako. Atazunguka, kisha atasimama; akilegeza shingo, legeza nawe. Fanya kulia na kushoto, kila siku, mpaka azoee. Ila akishachanganya mbio usimkunje shingo ghafla namna hiyo, mtaanguka wote wawili: mzungushe kwa duara kubwa, ulipunguze kidogo kidogo hadi mwendo ushuke.