Jinsi ya Kuchagua Kigunduzi cha Metali cha Kutafutia Dhahabu Kwenye Fukwe za Bahari

Mtu anayetaka kununua kigunduzi cha metali kwa ajili ya kutafuta dhahabu ufukweni mwa bahari kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni mashine ipi inayofika chini zaidi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini linalotangulia ni hili: je, mashine hiyo inaivumilia chumvi? Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, na chumvi hiyo ndiyo inayoyafanya yapitishe umeme vizuri. Kigunduzi nacho hufanya kazi kwa kuamsha umeme mdogo ndani ya chochote kinachoupitisha, kisha kusikiliza jibu linalorudi. Kwa hiyo mchanga uliolowa maji ya bahari hujibu pia, na jibu lake hufanana mno na lile la kipande chembamba cha dhahabu. Mashine isiyoweza kutenganisha majibu hayo mawili itapiga kelele kila hatua, hata kama ni ya bei kubwa, na hata kama inasifiwa kwa kuibua mapande ya dhahabu huko machimboni.

Jambo hilo la machimboni huwapoteza wengi. Mashine zilizoundwa kutafuta vipande vidogo vya dhahabu kwenye udongo wa bara, kama vile Fisher Gold Bug 2 inayotumia kilohezi 71 au Minelab Gold Monster 1000 inayotumia kilohezi 45, ni mashine nzuri sana mahali pake. Hata hivyo, kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde inayopimwa kwa kilohezi, yanavyopanda ndivyo chumvi inavyosikika kwa nguvu zaidi, na ubora uleule unaozisaidia bara huzifanya zisitulie kwenye mchanga uliolowa. Neno “dhahabu” kuandikwa juu ya boksi halitoshi kuwa sababu ya kununua.

Inafaa pia kujua ni dhahabu gani hasa inayotafutwa. Katika fukwe nyingi, dhahabu inayopatikana kwa kigunduzi ni ya vito vilivyopotea: pete zilizoteleza vidoleni kwa sababu vidole hunywea kwenye maji ya baridi na kulainishwa na mafuta, mikufu iliyokatika kwa wimbi, na hereni zilizofunguka. Zipo fukwe zenye dhahabu ya asili, na ule wa Nome katika jimbo la Alaska, Marekani, ulivuta umati wa wachimbaji kuanzia mwaka 1899. Lakini dhahabu ya namna hiyo kwa sehemu kubwa ni chenga na vumbi, na wachimbaji waliipata kwa kuosha mchanga. Chembe kama hizo ni ndogo mno kusikika kwenye kigunduzi chochote cha kubeba mkononi, na anayezitaka hizo anunue vifaa vya kuoshea mchanga. Maelezo yanayofuata yanahusu vito.

Baada ya hapo, amua utasimama wapi. Ufukwe una kanda tatu, na kila ukanda unadai mashine yake. Juu kuna mchanga mkavu, ambako watu hutandika mikeka na kuota jua. Huko chumvi haisumbui sana, na karibu kila mashine nzuri itafanya kazi. Chini yake kuna ukanda unaofunikwa maji yakijaa na kufunuka yakipwa, ambao hupanuka sana wakati wa bamvua. Huko chumvi ndiyo inayotawala. Mwisho ni ndani ya maji yenyewe, kuanzia magotini hadi kifuani, ambako pete nyingi huanguka kwa kuwa ndiko watu wanakoogelea na kurushiana mipira. Kabla ya kuchagua ukanda, ulizia sheria za mahali husika, kwa maana kuna fukwe zinazokataza kabisa vigunduzi na nyingine zinazohitaji kibali. Mabaki ya kale yaliyomo majini yana ulinzi wake pia: mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unahusu yale yaliyokaa chini ya maji kwa angalau miaka 100. Hakuna faida ya kununua mashine ya kuzamia ikiwa unaruhusiwa kwenye mchanga mkavu tu.

Sasa tuje kwenye teknolojia, ambako ndiko uamuzi mkubwa ulipo. Mashine nyingi zilizoko sokoni ni za VLF, yaani hutuma mawimbi ya masafa ya chini bila kukoma huku zikisikiliza. Zile za bei nafuu hutumia masafa ya aina moja tu. Mashine ya aina hii unaweza kuisawazisha ili isiyasikie madini ya chuma yaliyomo mchangani, au unaweza kuisawazisha ili isiisikie chumvi, lakini haiwezi kuvipuuza vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila kimoja kina kiwango chake cha usawazisho. Kwenye mchanga mweupe usio na madini, mtu mvumilivu anaweza kuishusha hadi kwenye kiwango cha chumvi, akapunguza usikivu, na akafanya kazi. Penye mchanga mweusi wa magnetaiti, ambayo ni madini ya chuma, unaochanganyika na maji ya chumvi, mashine hiyo itamshinda.

Mashine za VLF zinazotumia masafa kadhaa kwa pamoja zilitatua tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa hulinganisha majibu ya masafa tofauti na kuondoa kile kinachotokana na chumvi na kile kinachotokana na ardhi. Minelab Excalibur II ni ya zamani katika kundi hili na bado inaheshimiwa na wanaozama; Minelab Equinox, Nokta Legend na XP Deus II ni za kizazi kipya, nyepesi zaidi, na zina programu maalumu za ufukweni. Soma tangazo kwa makini, kwa maana kuna mashine zinazoitwa za masafa mengi kwa sababu tu zinakuruhusu kuchagua moja kati ya masafa kadhaa. Hizo bado zinatumia moja kwa wakati, na chumvi itazisumbua vilevile. Maneno ya kutafuta ni kwamba masafa hayo yanafanya kazi kwa wakati mmoja.

Kundi la pili ni la mashine za mpigo, ambazo huandikwa PI. Hizi hutuma mpigo mfupi wenye nguvu, hukata, husubiri kwa muda mdogo sana, mara nyingi mikrosekunde 10 hadi 15 au zaidi kidogo, ndipo zikasikiliza. Jibu la maji ya chumvi hufifia upesi, ilhali jibu la pete huendelea kudumu, na kwa hiyo mashine husikia pete ikiwa imetulia hata kwenye mchanga mweusi. Garrett Sea Hunter Mark II na Garrett ATX ni mifano inayojulikana. Hufika chini kuliko nyingi za VLF katika mazingira magumu, lakini uwezo wake wa kutenganisha chuma na metali nyingine ni mdogo au haupo, kwa hiyo utachimba kila msumari, kila ndoana na kila pini ya nywele. Zaidi ya hayo, mkufu mwembamba sana hujibu kwa muda mfupi karibu sawa na chumvi, na kusubiri kulekule kunakoifuta chumvi huufuta na mkufu. Ukipenda PI, chagua ile ambayo muda wake wa kusubiri unarekebishika.

Ushauri wangu kwa anayenunua mashine yake ya kwanza ni VLF ya masafa mengi kwa wakati mmoja, iliyozibwa dhidi ya maji. PI ifuate baadaye, au itangulie pale tu ambapo ufukwe wako una mchanga mweusi mwingi na takataka chache za chuma.

Jambo linalofuata wauzaji hawapendi kulieleza: hakuna kigunduzi kinachoweza kukuambia kwa yakini kwamba kilicho chini ni dhahabu. Namba inayotokea kwenye kioo huonyesha jinsi kitu kinavyopitisha umeme pamoja na ukubwa na umbo lake, na vito vya dhahabu havikai mahali pamoja. Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu halisi, ya karati 9 ina asilimia 37.5, na metali zilizochanganywa humo hubadilisha jibu. Pete nyembamba ya kike husoma karibu na kipande cha karatasi ya alumini. Pete ya wastani husoma palepale penye vishikio vya kufungulia makopo ya soda, na pete nene ya kiume hupanda juu zaidi. Pete iliyokatika hutoa sauti hafifu kuliko ilivyokuwa nzima, kwa sababu umeme hauwezi tena kuzunguka duara lake lote. Mkufu ni mgumu kupita vyote, kwani mashine haiusikii kama kitu kimoja kirefu. Husikia kipete kimoja kimoja, na mara nyingi kinachoita ni kile kifungio tu. Anayechuja alumini ili asichimbe takataka anachuja na pete za dhahabu pamoja nazo. Kwa sababu hiyo sipimi ubora wa mashine ya ufukweni kwa ukubwa wa kioo chake. Tafuta yenye sauti za viwango vingi na yenye uwezo wa kuchuja chuma peke yake, kwa maana sikio lililozoea hutambua tofauti kati ya sauti laini ya duara zima na ile inayokwaruza ya bati lililokunjika.

Kuhusu koili, yaani sahani ya nyaya inayopitishwa juu ya mchanga, yenye upana wa sentimita 28 hivi, ya muundo wa DD (nyaya mbili zenye umbo la herufi D zinazopishana), inatosha kwa kazi nyingi. Kubwa zaidi hufika chini kidogo lakini huona chumvi nyingi zaidi na huburutwa na maji. Ndogo ya sentimita 15 hufaa penye takataka nyingi. Kwa kazi ya ndani ya maji hakikisha koili haielei.

Kinga dhidi ya maji isomwe neno kwa neno. Mashine nyingi zina koili isiyoingiza maji, lakini kisanduku chenye vitufe na betri hakistahimili hata wimbi moja. Equinox 800 imeidhinishwa hadi mita 3, Equinox 900 hadi mita 5, Deus II hadi mita 20, na Excalibur II na Sea Hunter Mark II hadi karibu mita 60. Kwa anayeishia kifuani, mita 3 zinatosha kwa kina, ila mtu anayesimama mahali mawimbi yanapovunjika hugongwa na maji kwa nguvu, kwa hiyo kiwango cha ziada si anasa. Ulizia pia hedifoni. Mawimbi ya redio ya hedifoni zisizo na waya hayapiti majini, na mashine kama Deus II, ambayo sehemu zake huwasiliana bila waya, huhitaji waya maalumu wa antena ili kutumika ikiwa imezama. Gharama hiyo iingize kwenye hesabu mapema.

Onyo moja sitalipita haraka, kwa sababu limewagharimu watu akiba zao. Kuna vifaa vyenye antena mbili au kishikio kinachozunguka, vinavyodaiwa kuelekeza mahali dhahabu ilipo kutoka umbali wa mamia ya mita. Sayansi ya ugunduzi wa metali haina njia ya kufanya hivyo. Kigunduzi halisi husikia pete katika kina cha sentimita 20 au 30 hivi, na hapo ni lazima kipite juu yake. Mwaka 2013 mahakama moja ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya antena vilivyodaiwa kugundua mabomu, ambavyo havikuwa na chochote ndani kilichofanya kazi. Vya dhahabu ni vya ukoo huohuo. Vipo pia vigunduzi bandia vinavyobeba majina ya makampuni yanayojulikana, kwa hiyo linganisha namba ya mashine na orodha ya mtengenezaji kabla ya kulipa.

Ikiwezekana, ijaribu mashine mahali itakapofanya kazi. Nenda wakati maji yanapwa, simama penye mchanga unaong'aa kwa maji, uiwashe, uichagulie programu ya ufukweni na uiache ijisawazishe. Kisha ishushe koili hadi ikaribie mchanga na kuipandisha taratibu mara kadhaa: mashine nzuri itanyamaza au kunguruma kidogo, ilhali isiyofaa italia kila inapokaribia. Ipitishe pale ambapo wimbi jembamba linarudi baharini, kwa kuwa mpaka wa maji na mchanga ndio mtihani mgumu kuliko wote. Ikiwa inalia, punguza usikivu hatua kwa hatua na uangalie ni kiasi gani kilichobaki inapotulia. Baada ya hapo chukua pete nyembamba ya dhahabu, itie ndani ya mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa uzi mrefu, ifukie sentimita 15, na uache uzi ukitokeza juu ili isipotee. Ukipita juu yake kutoka pande mbili zinazokingamana na sauti ikabaki ileile, mashine hiyo inafaa kwa ufukwe huo. Rudia kwa kipande cha mkufu, na usishangae ikikosa. Uliza tu ni kwa kina gani inaanza kuusikia.

Usimalize fedha zote kwenye mashine. Ndani ya maji hutapata pete bila koleo la matundu lenye mpini mrefu, la chuma kisichoshika kutu, ambalo mchanga hupenya na pete hubaki; liwe mbali na koili unapotafuta, kwani lenyewe ni metali. Kigunduzi kidogo cha mkono cha kubainisha mahali hasa kitu kilipo, kinachostahimili maji, huokoa muda mwingi mchangani. Mwisho, ulizia upatikanaji wa vipuri vidogo: kifuniko cha betri, mpira wa kuzuia maji, koili na waya wake. Kila baada ya kutoka baharini mashine huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mpira ule hukaguliwa kama una chembe ya mchanga, kwa sababu chembe moja inatosha kuingiza maji kwenye betri, na dhamana nyingi hazilipi hasara inayotokana na kifuniko kisichofungwa sawasawa.