Somo: Kumpa mtu kipimo cha kujipima hepatiti C

Wenzangu wa vituo vya afya na mareko (wahamasishaji wa afya mitaani) wa Bukavu, OMS (Shirika la Afya Duniani) ilipendekeza watu wajipime hepatiti C, ugonjwa wa ini wa kirusi, mwaka 2021, na Julai 2024 ikaidhinisha kipimo cha kwanza, kile cha ufizi. Kabla hujagawa hata kimoja, soma hapa.

1. Anza na njia ya baada ya kipimo. Kipimo hiki huona askari wa mwili (kingamwili) tu, si kirusi chenyewe. Aliye nao lazima apimwe RNA, yaani kipimo cha kuona kirusi chenyewe, na mashine ya GeneXpert tunayoizoea kwa kifua kikuu inaiweza kazi hiyo ikipata katriji zake. Uliza: katriji ziko wapi, nani analipa, dawa zinatoka wapi? Ukikosa majibu, usigawe. Utamtuma mtu nyumbani na hofu isiyo na mlango.

2. Walenge waliowekewa damu zamani, waliodungwa sindano za ovyo, waliochanjwa chale kwa wembe wa wengi.

3. Fundisha kwa mkono. Asile wala kunywa dakika 15 kabla. Ubapa wa kijiti upite ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, basi. Mzee mmoja Kadutu alikuwa akiusugua kama mswaki, eti ushike vizuri. Nilimshika kiganja tukarudia pole pole na kijiti cha kufundishia. Kijiti kiingie kwenye kichupa, kisomwe baada ya dakika 20, zisipite 40. Mistari husomwa kwenye herufi C na T: C huonyesha kipimo kimefanya kazi, T huonyesha askari. Awe na tochi, maana T iliyofifia nayo ni mstari. C peke yake: askari hawakuonekana. C na T: aje. Bila C, kimeharibika.

4. Mpe siku ya kurudi.

Maswali

Mama wa Bagira: Nimeona mistari miwili. Nitenge sahani za watoto?
Hapana, mama. Inapita kwa damu, si kwa ugali. Wembe na mswaki wako tu visiguswe na mwingine. Na njoo upimwe RNA: watu kama 30 kwa 100 mwili hukifukuza kirusi wenyewe.

Kaka wa Kadutu: Nilitibiwa nikapona, mbona T ipo?
Askari hubaki, kaka. Kwako ni RNA tu.

Reko: Mke anaweza kumpima mume kwa siri?
Hapana, hata kwa nia njema.

Dada wa Ibanda: Tiba ni ya maisha?
Hapana, dada. Sofosbuvir na daclatasvir kila siku, kwa kawaida wiki 12. Zaidi ya 95 kwa 100 wanapona. Ila upimwe hepatiti B kwanza, kwani dawa hizi zinaweza kuiamsha.