Kukokota karavani na vani ya kazi: mambo ya kufanya mbele ya kufunga

Naandika hii nikiwa Goma, kwa mama pale Katindo, nimefika wiki mbili zilizopita kupitia Kigali, na jana usiku shemeji yangu wa Leeds, Uingereza, amenipigia video tukaongea karibu saa moja na nusu. Yeye anapiga plasta, kampuni imempa vani ile yenye viti vya safu mbili, sasa amenunua karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, na anataka kupeleka dada yangu na watoto wawili baharini kule Wales. Swali lake lilikuwa fupi: "Shemeji, vani ina nguvu, si nifunge tu niende?" Ndilo swali ninaloulizwa na ndugu zetu kila mwaka joto likianza kule Ulaya, kwa hiyo nimeona niandike vizuri niliyomwambia, maana nguvu ya vani si shida kabisa. Shida ni makaratasi, halafu ni mahali unaweka mzigo, na wengi wetu tunafunga karavani kwanza ndio tunakumbuka hayo mawili tukiwa tayari barabarani.

Nianze na bosi. Kama vani ni ya kampuni, usikokote kitu bila ruhusa ya maandishi, hata meseji ya simu ni sawa lakini iwe imeandikwa, iseme tarehe na iseme kwamba utakokota karavani. Ruhusa ya mdomo ("chukua tu, hakuna shida") siku ya ajali inasahaulika. Na kuna jambo la kodi ambalo wengi hawalijui. Uingereza ukirudi nyumbani na vani ya kazi hawakuhesabii kitu, ukipeleka takataka jalalani mara moja au mbili kwa mwaka pia wanaiona ndogo, lakini ofisi ya kodi, HMRC, imetaja wazi mfano wa mtu anayechukua vani kwenda likizo ya wiki moja kwamba hayo ni matumizi binafsi makubwa. Maana yake mwaka huo unaweza kuhesabiwa faida ya vani, yaani vani inahesabiwa kama mapato ya ziada yanayokatwa kodi, na kwa mwaka wa kodi wa 2025/26 faida hiyo ilipangwa kuwa pauni 4,020, yaani mtu aliyekatwa asilimia 20 alipoteza karibu pauni 804. Kwa pesa hizo familia inakodi nyumba ndogo ya baharini na kubaki na chenji. Mafuta ya bosi nayo yana hesabu yake peke yake, kwa hiyo likizo jaza kwa pesa yako na utunze risiti. Shemeji alinyamaza kidogo hapo, akasema kesho asubuhi ataongea na mtu wa mishahara, na mimi nikamwambia hiyo ndiyo simu ya kwanza, karavani itangoja.

Kama vani ni yako mwenyewe, unajiajiri, una raha zaidi, ila usiingize safari ya likizo kwenye vitabu vya biashara.

Asiransi sasa, bima. Vani nyingi za kazi zimekatiwa bima ya kubeba vifaa vyako na kwenda kazini, basi, matembezi ya familia hayamo. Piga simu uulize mambo matatu: je, matumizi ya nyumbani na starehe yamo, je, kukokota kumo, na je, karavani yenyewe ikiharibika au ikiibiwa nani analipa. Kwa kawaida bima ya vani inafunika kile karavani itamfanyia mtu mwingine ikiwa imefungwa, lakini karavani yenyewe na vitu vilivyomo ndani haiviangalii, unahitaji bima ya karavani. Na omba jibu kwa barua pepe.

Permi, yaani leseni. Permi yetu ya Kongo, Uingereza unaiendeshea miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo lazima ufanye mtihani wa kwao, hawaibadilishi. Ukishapata ile ya kawaida ya gari, aina B, mambo yamekuwa rahisi: tangu tarehe 16 Desemba 2021 mwenye B anaweza kukokota trela hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, zamani waliopata leseni kuanzia 1 Januari 1997 walikuwa wanasumbuka kwa trela kubwa. Ila ndugu wa Ubelgiji na Ufaransa, msisome hiyo mkafurahi, kwenu sheria ni nyingine. Karavani ikizidi kilo 750, permi B ya Ulaya inataka vani na karavani pamoja visizidi kilo 3,500, mkiongeza ile ruhusa ya ziada inayoitwa B96 mnafika 4,250, juu ya hapo ni permi ya BE. Na wanahesabu uzito wa juu ulioandikwa kwenye karatasi, hata kama gari ni tupu, kwa hiyo vani kubwa ya kazi peke yake inaweza kuwa imeshakula hizo kilo zote. Nina rafiki wa Liège, mtoto wa Majengo, aligundua hilo akiwa ameshalipia uwanja wa kambi.

Kuhusu takografu, kile kifaa cha kuandika masaa ya dereva, vani na karavani pamoja kwa urahisi zinapita kilo 3,500 na watu wanaogopa. Ukiwa likizo, hakuna biashara yoyote, huhitaji mpaka kilo 7,500. Lakini ukisema kwa kuwa napita Chester acha nipige plasta ya mteja mmoja, pale safari imekuwa ya kazi na sheria inageuka. Toa vifaa, viache nyumbani. Hata kwa uzito ni afadhali, mifuko na mashine za kazi zinakula kilo ambazo watoto wanazihitaji kwa baiskeli.

Basi tuje kwenye mzigo, hapa ndipo nataka usome polepole.

Fungua mlango wa vani tafuta kile kibati cha namba, mara nyingi kiko karibu na mlango wa dereva au chini ya boneti. Kina mistari minne ya kilo: wa kwanza ni uzito wa juu wa vani ikiwa imejaa, wa pili ni uzito wa juu wa vani na trela pamoja, wa tatu na wa nne ni wa ekseli, ule mhimili wa tairi, ya mbele na ya nyuma. Tuseme wa kwanza ni 3,000 na wa pili 5,000, basi vani ikijaa una nafasi ya kukokota 2,000. Kama mstari wa pili hauna kitu au unalingana na wa kwanza, hiyo vani haikuruhusiwa kukokota, usibishane nayo. Karavani nayo ina kibati chake kinachosema uzito wake wa juu. Na ushauri wa kale wa wenye karavani, si sheria ila mimi naufuata: kwa mtu anayeanza, karavani isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu.

Halafu kuna uzito wa pua, yaani kile ambacho kichwa cha karavani kinakandamiza kwenye ule mpira wa chuma nyuma ya vani. Unatakiwa uwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani ikiwa na vitu vyake, na usipite kiwango kilichoandikwa kwenye ndoano ya vani wala cha kichwa cha karavani, unafuata kilicho kidogo. Karavani ya shemeji na vitu ni kama kilo 1,300, kwa hiyo pua iwe kati ya 65 na 91.

Nilimwambia apime pale pale, tukiwa kwenye simu. Hapa Katindo tulikuwa watu sita tumekaa na chai tunaangalia kioo kidogo: taa ya parkingi ya Leeds, yeye amepiga magoti, amefunga handbreki ya karavani, ameweka matofali mbele na nyuma ya tairi, amechukua mizani ya bafuni ya dada yangu, ubao juu yake, kipande cha mti kimesimama juu ya ubao mpaka chini ya kichwa cha karavani, halafu akapandisha kile kigurudumu kidogo cha mbele taratibu mpaka uzito wote ukakaa kwenye mti na karavani iko sawa haijainama. Kuna kipimo maalum kinauzwa na ni kizuri zaidi, lakini hii inakupa picha. Namba ikatoka: 41.

Mjomba wangu alikuwa amekaa pembeni. Ujana wake wote ameshusha makala (makaa) na viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na hajawahi kuona karavani. Akauliza tu, "Nyuma ameweka nini?" Dada akafungua mlango: madumu mawili ya maji, kreti ya soda, mfuko wa unga wa kilo 25, vyote kwenye kabati la nyuma kabisa. Mjomba akasema chukudu ukiipakia nyuma, pua inakuwa nyepesi, haikusikii tena, mteremkoni inakuchezesha, na hata ukikanyaga ule mpira wa tairi la nyuma kufunga breki umeshachelewa. Hakuna mtaalamu wa Ulaya atakayekueleza vizuri kuliko hapo. Vitu vizito viweke chini sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, vyepesi kwenye makabati ya juu, nyuma kabisa usiweke kitu kizito.

Mimi nilijifunza kwa hofu. Mwaka 2018, kwenye M62, barabara ya kasi ya Uingereza (motowei), pale inaposhuka kutoka milimani, nilikuwa na vani yangu na karavani ya kuazima, nyuma nimejaza vinywaji na makala ya kuchomea nyama, lori likanipita, upepo wake ukasukuma karavani, ikaanza kutingisha mkia kushoto kulia na kila mara inaongeza, mke wangu ameshika mlango kwa mikono miwili. Vani nyingi zina mkia mrefu nyuma ya tairi, kwa hiyo karavani ikivuta inageuza vani nzima kirahisi. Ikikutokea: ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe sawa, usipige breki kwa nguvu, usijaribu kuongeza mwendo ili uinyooshe. Iache ipungue yenyewe. Sisi ilitulia, tukasimama mahali salama, na tulihamisha kila kitu pale pale kwenye mvua.

Angalia pia urefu wa ule mpira wa chuma kutoka chini. Kwa karavani unatakiwa katikati yake pawe kati ya milimita 350 na 420 vani ikiwa na mzigo, na vani nyingine zimefungwa ndoano juu zaidi kwa ajili ya trela za kazi, karavani inakaa pua juu kama mbuzi anayenusa upepo. Hiyo haifai.

Vioo ni lazima. Kwenye vani hakuna kioo cha ndani kitakachokusaidia, na karavani ikiwa pana kuliko vani nunua vile vioo vya kurefusha, bila hivyo faini ni hadi pauni 1,000 na pointi 3 za makosa kwenye permi. Nyuma ya karavani weka namba ile ile ya vani. Waya wa dharura unaovuta breki ya karavani ikichomoka, ufunge kila safari. Plagi ya meno 13 ijaribu na mtu amesimama nyuma anakuambia taa. Tairi za karavani zinazeeka zikiwa zimesimama, hata zikiwa na meno mazuri, ikifika miaka 5 anza kufikiria kubadilisha na usipitishe 7. Gesi funga, miguu ya kona pandisha, madirisha ya juu funga.

Mwendo: barabara ya kawaida maili 50 kwa saa, barabara kuu iliyogawanywa katikati na motowei 60, yaani karibu kilomita 97. Motowei yenye njia tatu au zaidi, ile ya kulia kabisa si yako. Kama njia inaingia London angalia kwanza kama vani inakubalika ULEZ, lile eneo la kuzuia magari yenye moshi mchafu, la sivyo ni pauni 12.50 kila siku.

Mama akauliza kama watoto watalala ndani ya karavani njiani, ni swali zuri, anaona ni nyumba yenye vitanda. Hapana mama, ikikokotwa hakuna mtu anakaa ndani, hata dakika moja, na watoto wanakaa kwenye viti vyao vya watoto ndani ya vani mpaka wafike miaka 12 au sentimita 135.

Na kitu cha mwisho ambacho kiliniuma sana. Kuna viwanja vya likizo havipokei gari la kazi lenye maandishi ya kampuni, vinasema vinataka sura ya likizo. Tulifika kimoja saa kumi na mbili jioni baada ya safari ndefu, tumelipa, tukarudishwa getini kwa sababu ya maandishi ubavuni, watoto wanalia, na tulilala mji mwingine kwa pesa ambayo hatukuipanga. Kwa hiyo kabla hujalipa piga simu, sema wazi ni vani ya kazi, ina maandishi, na uombe wakuandikie kwamba wanaipokea.

Leo asubuhi hapa umeme umerudi, simu ikapata moto, nikakuta picha mbili za shemeji. Moja ni meseji ya bosi wake, ila shemeji bado anasubiri jibu la mtu wa mishahara. Ya pili ni mizani ya bafuni kwenye simenti yenye maji, madumu yameshatolewa, unga umelala sakafuni karibu na ekseli, na sindano imesimama kwenye 84. Nimempelekea mjomba aone.