Namna ya Kuifasiri "Run" Pale Ambapo Hakuna Anayekimbia

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "run" ni kukimbia, na kwa miaka kadhaa fasiri hiyo humtosha, kwa kuwa katika vitabu vya mwanzo wanaokimbia ni watoto, mbwa na wanariadha. Tabu huanza anapofungua gazeti au maelekezo ya mashine ya kufulia, akakuta kampuni, pua, barabara, rangi za nguo na wagombea urais vyote vimefungwa kwenye kitenzi hicho kimoja. Kamusi kubwa ya Oxford ilipokipitia upya, mhariri aliyepewa kazi hiyo, Peter Gilliver, alikaa nacho takriban miezi tisa, na mwaka 2011 ikaelezwa kwamba amepata maana 645 za kitenzi pekee, mbali na nomino. Katika toleo la 1989 neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set". Orodha ya namna hiyo haihifadhiki kichwani, na kwa bahati njema mfasiri haihitaji, ilmradi ajue aulize nini na kwa mpangilio upi.

Uliza kwanza ni nani au ni nini kinachotajwa kuwa kinafanya kitendo hicho. Kama ni mtu au mnyama mwenye miguu, na sentensi haina kingine cha ziada, kukimbia kunatosha. Kama ni maji, yanatiririka. Kama ni pua, mtu anatokwa na makamasi. Kama ni barabara au mpaka, unapita mahali fulani. Kama ni basi au treni, inafanya safari. Kama ni mkataba, unadumu kwa muda uliotajwa. Ugonjwa ambao Waingereza husema "runs in the family" sisi tunauita ugonjwa wa ukoo, bila kitenzi chochote. Lebo ya nguo inayoonya kwamba "colours may run" imewahi kufasiriwa na wengi kuwa rangi zinaweza kukimbia, kauli ambayo haimwambii mfuaji lolote, ilhali mnunuzi yeyote wa kanga anayeugeuza mkononi mpindo wake, akiutia mate kidogo kwa kidole, humuuliza muuzaji swali moja tu: inachuja? Neno tulikuwa nalo siku zote, ila mfasiri alilitafuta kwenye kamusi badala ya dukani.

Swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye kuokoa kazi nyingi kuliko mengine, linahusu kinachotendwa. Sentensi ikiwa na yambwa, yaani kitu kinachopokea kitendo, kiache kabisa kitenzi cha Kiingereza, chukua nomino hiyo, iweke katika Kiswahili, kisha jiulize Kiswahili chenyewe huipa kitenzi gani. Duka huendeshwa. Habari huchapishwa au hutangazwa. Vipimo hufanywa. Maji ya kuoga hujazwa kwenye beseni. Homa humpata mtu au humpanda, na taa nyekundu dereva huipita. Mwenye kuzaliwa na lugha hakosi majibu haya, kwa sababu amezoea tangu utotoni kwamba kitenzi hubadilika maana kwa kufuata nomino yake: aliyekula kiapo, aliyekula hasara na aliyekula chumvi nyingi hawakuketi meza moja. Tahadhari ni ndogo tu kuhusu "endesha", ambayo wafasiri huipenda mno: mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaendesha hana maana ya kumiliki basi, na inafurahisha kwamba Waingereza nao huliita tatizo hilo la tumbo "the runs".

Baada ya hapo angalia kijineno kinachofuata, maana hicho hakipambi sentensi bali huunda kitenzi kipya. "Run out of flour" ni kuishiwa unga, na hapa Kiswahili kina umbo safi kuliko Kiingereza chenyewe. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia, lakini gharama zinazo-"run into millions" zimefikia mamilioni. "Run up" deni ni kulilimbikiza, "run over" ni kugonga kwa gari, na "run through" ripoti ni kuipitia harakaharaka. "Run down" inahitaji jicho la ziada, kwa kuwa betri imeisha chaji, nyumba imechakaa, mtu amechoka mwili, au amesemwa vibaya.

Nomino zake hazisumbui sana. "Running mate" ni mgombea mwenza, na "run-off" katika uchaguzi ni duru ya pili. "Bank run" ni pale wateja wanapokimbilia benki wote kwa pamoja kutoa akiba zao, ambapo mbio zimerejea kihalali.

Sasa chukua sentensi hii: "She ran the shop until the money ran out, then ran for councillor." Mara tatu neno lile lile, na mara tatu majirani tofauti: duka, fedha, udiwani. Kwa utaratibu tulioueleza inakuwa: Aliliendesha duka mpaka fedha zikamwishia, kisha akagombea udiwani. Hakuna mbio hata moja iliyobaki.

Hutokea, hata hivyo, majirani wote wakanyamaza. Wesley Korir wa Kenya alishinda mbio za marathoni za Boston mwaka 2012, na mwaka 2013 akachaguliwa kuwa mbunge wa Cherangany. Mtu akikuletea kipande cha maneno kinachosema tu "Korir is running again", sarufi haiwezi kukuamulia kama anarudi barabarani au anarudi kwa wapiga kura. Omba ukurasa mzima, uone tarehe, na uone kama umetoka upande wa michezo au wa siasa, kabla hujaandika neno lolote.