Namna ya kufuatilia neno "hipi"

Usianze na kamusi, anza na mzee. Hapa Kibuye, Kisumu, ninapouza mitumba, wasichana huita gauni pana la maua "la kihipi". Baba yangu akilisikia hukunja uso: kwake hipi ni kijana wa nywele ndefu, asiyeoga wala kutaka kazi. Andika maana zote mbili, pamoja na umri wa msemaji. Umri ndio ufunguo.

Kisha tafuta shina. Wanamuziki Weusi wa jazi Marekani walisema "hip", yaani mjanja anayejua mambo. Likazaa "hipster" miaka ya 1940. Mwaka 1965 gazeti la San Francisco likawaita "hippies" vijana wa Haight-Ashbury, mtaa wa jiji hilo. Wengi wao walipinga vita vya Vietnam, jambo ambalo baba hakuambiwa.