Namna ya kutoa kizibo cha plastiki cha rejeta kilicholika masikio

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu kubadilisha kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ya gari lake aina ya Toyota IST hapa Dar es Salaam. Kizibo cha kumwagia maji chini ya rejeta kilikuwa kimelika masikio yote mawili, yaani vibawa vya kushikia unapokizungusha, na kilichobaki kilikuwa kitufe laini cha plastiki ambacho vidole wala koleo haviwezi kukishika. Gari lile liliwahi kujazwa maji ya kisima kwa miaka kadhaa, na visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi, kwa hiyo chokaa ilikuwa imejijenga kuzunguka hesi (mikato ya skrubu) za kizibo na kukigandisha mahali pake. Maelezo haya yanafaa kwa rejeta nyingi za kisasa zenye matanki ya plastiki, kwa kuwa ujenzi wao hautofautiani sana.

Hatua ya kwanza: poza injini na umwage maji bila kugusa kizibo

Subiri hadi rejeta ipoe kabisa, kisha fungua mfuniko wa juu. Mfumo huu hufanya kazi kwa shinikizo, na maji yaliyomo yanaweza kuwa yamepita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Ukifungua kukiwa na moto, yatakurukia usoni.

Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, ondoa kava la chini, kisha legeza klipu ya mpira wa chini wa rejeta na uache maji yamwagikie kwenye beseni. Watu wengi hukivunja kizibo kwa kuamini kwamba ndiyo njia pekee ya kumwaga maji, ilhali mpira wa chini humwaga karibu yote, tena kwa kasi zaidi. Kama kizibo chako hakivuji na unachotaka ni kubadilisha kulanti tu, ninakushauri kwa dhati ukiache kama kilivyo. Cha shemeji kilikuwa kinadondosha, kwa hiyo hatukuwa na hiari.

Usiliache beseni wazi. Kulanti yenye ethilini glaikoli ina ladha tamu, na ni sumu kali kwa watoto, mbwa na paka.

Hatua ya pili: safisha na uloweke

Sugua kizibo kwa mswaki mkuukuu, kisha kifunge kitambaa kilicholowa siki na ukiache kwa saa moja au mbili ili chokaa ilainike. Sipendi kabisa desturi ya kupulizia mafuta ya kulegezea kutu mahali hapa. Hapa hakuna kutu, na mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya rejeta pamoja na oringi, ile pete ya mpira ya kizibo inayozuia maji.

Hatua ya tatu: kukizungusha

Kwanza hakikisha unajua upande wa kufungulia. Kizibo hufunguka kinyume cha mshale wa saa ukikitazama usoni, lakini mtu aliyelala chini ya gari, mkono ukiwa umepita nyuma ya bampa, hupotea kwa urahisi na kuanza kukaza. Naamini hivyo ndivyo masikio mengi yanavyokatika. Chora mshale kwa kalamu ya rangi nyeupe kwenye tanki, pembeni ya kizibo, kabla ya kuanza.

Miaka michache iliyopita, nikiwa na gari langu mwenyewe, niliingiza skrubu ya mbao katikati ya kizibo nikiamini kwamba ingeshika na kukivuta. Ilishika vizuri, lakini kizibo hakikusogea hata kidogo, na baada ya saa nzima ya kusukumana nacho nilisikia mlio mdogo, shingo ya tanki, yaani tundu lenye hesi linalopokea kizibo, ikapasuka kwa urefu, nikalazimika kununua rejeta nyingine. Sababu niliielewa baadaye: kizibo kina tundu katikati, na kila kinachosokomezwa humo kwa nguvu hukitanua kuelekea nje, kikazidi kuzibana hesi za shingo. Kwa hiyo usitumie skrubu, wala kifaa cha kuchopolea boliti zilizokatika, kwa maana nacho hushika kwa kutanua vilevile.

Njia ninayoitegemea sasa ni bisibisi bapa ya zamani yenye mdomo wa milimita sita hivi. Ipashe moto kwenye jiko la gesi mpaka iweze kuyeyusha plastiki, lakini isifike kuwa nyekundu, kwa sababu chuma chekundu huunguza plastiki badala ya kuilainisha, na tundu linalobaki huwa pana na halishiki. Ichomeke katikati ya uso wa kizibo, ikiwa wima kabisa, izame milimita nne au tano tu. Ukizamisha zaidi, joto litafika kwenye shingo na kuunganisha plastiki mbili ulizokuwa unataka kuzitenganisha. Fanya kazi hii mahali penye hewa, mbali na petroli, na usivute ule moshi.

Baada ya hapo usiizungushe. Hapa ndipo subira inapohitajika. Ishikilie bila kuitikisa mpaka plastiki igande, kisha iache hapohapo dakika kumi hadi ipoe kabisa. Halafu funga shingo kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya moto kwa dakika mbili, kwani plastiki iliyozeeka huwa kavu na hukatika ikiwa baridi, lakini ikipata joto kidogo huvumilia. Sukuma bisibisi ndani huku ukiizungusha polepole, ukienda mbele na kurudi nyuma kwa kiasi kidogo sana. Cha shemeji kilitoa unga mweupe wa chokaa kwenye mzingo wa kwanza, kisha kikaja chenyewe.

Ikiwa kichwa kitakatika na hesi kubaki ndani, shusha rejeta. Kwa kipande chembamba cha bledi ya msumeno wa chuma, kata mabaki kutokea ndani kwenda nje, mikato miwili, na usimame kabla ya kugusa hesi za tanki. Yakunje kuelekea katikati kwa koleo la mdomo mrefu, uyatoe. Usitumie drili, kwa kuwa huvuta upande na kula shingo.

Hatua ya nne: kufunga kipya

Suuza tanki ili chembe zote zitoke. Nunua kizibo kipya pamoja na oringi yake, na ulinganishe hesi na cha zamani palepale dukani. Ipake oringi kulanti kidogo, kaza kwa vidole mpaka ikae, basi. Usifunge tepu nyeupe ya mafundi bomba wala kupaka silikoni, kwa sababu kinachozuia maji ni oringi, na tepu huipasua shingo taratibu.

Rudisha mpira na klipu, kisha jaza kulanti. Kama ni ile iliyokwisha kuchanganywa, usiiongezee maji. Washa injini, hita ikiwa kwenye joto la juu, utoe hewa. Usiku huo tandaza karatasi kavu chini ya kizibo, na asubuhi, kabla ya kuwasha gari, itazame kama ina doa.