Somo: Je, kipimo cha nukta cha kamera yako kinasema kweli?

Assalaam alaykum. Nilipiga harusi moja Mkunazini, bwana harusi kavaa kanzu, joho jeusi na kilemba. Fokasi niliiweka usoni mwake, juu kidogo ya katikati ya fremu, nikiamini kipimo cha nukta, yaani mita ya kamera inapopima mwanga wa sehemu ndogo tu ya fremu, nacho kiko hapo hapo. Kumbe kilibaki katikati, juu ya joho. Mita ikaona weusi, nami nikaifuata: uso na kilemba vikaungua, vyeupe pe. Picha zile hazirudiki.

Basi kabla hujaipeleka kamera kwenye kazi ya mtu, kaa nayo nusu saa uani.

Chagua saa nne asubuhi, siku isiyo na mawingu yanayopita, na mahali penye kivuli panapopata mwanga sawasawa. Weka modi ya M (unapanga mwanga mwenyewe), tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 isiyo ya otomatiki, na alama ya kipimo ile ya nukta moja. Rekebisho la mwanga, lile la kujumlisha na kutoa, liwe sifuri, maana kwenye Nikon nyingi husogeza mshale wa mita hata ukiwa kwenye M. Zima pia marekebisho ya mwanga ya kamera yenyewe: Active D-Lighting kwa wenye Nikon au, kwa wenye Canon, Auto Lighting Optimizer. Ukiziacha zitaigeuza picha, nawe utailaumu mita bure.

Hatua ya kwanza: rangi tatu. Tundika kanzu nyeupe na buibui jeusi karibu na ukuta wa saruji usiopakwa rangi. Kijaze kitu kimoja fremu nzima, vuruga fokasi ili nyuzi zisionekane, badilisha kasi ya shata mpaka mshale wa mita ukae sifuri, piga. Fanya hivyo kwa vyote vitatu.

Mita haijui kanzu ni nyeupe. Kila inachokiona hukichukulia kuwa ni kijivu cha wastani. Kwa hiyo kanzu itatoka kijivu, na buibui litatoka rangi ya majivu. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Fungua histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia: kilima cha picha zote tatu kiwe mahali pamoja, karibu na kati. Kikikaa kushoto kidogo si kosa, kamera nyingi ndivyo zilivyo. Kinachotafutwa ni kukubaliana. Kama buibui limekwenda upande wake, na kamera ni DSLR (ile yenye kioo ndani) iko kwenye stendi, ziba kwa kiganja kitundu cha kuchungulia kisha urudie. Mwanga unaoingia kwa nyuma huidanganya mita, hasa unapopima kitu cheusi.

Hatua ya pili ndiyo iliyoniponza, kwa hiyo usiiruke. Kata karatasi nyeupe ya duara, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, uibandike katikati ya buibui. Rudi nyuma mpaka duara lionekane dogo kama kiboksi cha fokasi. Sogeza kamera polepole kutoka kulia. Pale mshale unaporuka ndipo ukingo wa nukta. Rudia kutoka kushoto, juu na chini. Kisha hamisha pointi ya fokasi pembeni, upime tena. Nikon nyingi za DSLR nukta hufuata fokasi. Canon nyingi za DSLR hubaki katikati. Mimi nimeichora yangu kwenye karatasi, nimeibandika ndani ya mfuniko wa begi.

Hatua ya tatu ni fupi. Ipime kanzu tena, ongeza mwanga mbofyo mmoja mmoja (mibofyo mitatu kwa kawaida ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili), ukipiga kila mara, mpaka onyo la kuungua lianze kumeta kwenye picha. Rudi mbofyo mmoja. Idadi ya mibofyo iliyobaki ndiyo namba ya kanzu kwa kamera yako.

Maswali

Kutoka Wete: Maalim, nimejaribu ukumbini chini ya taa za tyubu, kila picha inatoka na mwanga wake. Mita mbovu?
— Si mita, dada yangu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo hupigapiga mara 100 kwa sekunde. Tumia shata ya 1/50 au 1/100. Lakini jaribio lenyewe lifanye nje.

Kutoka Jang'ombe: Sina kadi ya kijivu (ile ya kupimia mwanga). Kiganja kinafaa?
— Kinafaa sana kazini. Kwa kawaida kiganja ni cheupe kuliko kijivu kwa kama stopu moja. Pima saruji, pima kiganja chako palepale, tofauti utakayoiona uishike.

Kutoka Chake Chake: Kilima changu kimepungua mbofyo mmoja kwa rangi zote tatu. Nipeleke kwa fundi?
— Usipeleke, kaka. Inakosea kwa kiasi kile kile kila siku, basi ongeza mbofyo mmoja upige. Baadhi ya Nikon zina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu, kwa kila aina ya kipimo peke yake. Ingelikuwa leo imepungua na kesho imezidi, hapo ningekwambia uitafutie fundi.